Uanaume chanya ni nini hasa?

Mtoto wa kiume wa miaka minne anaanguka, goti linachubuka, anaangua kilio. Kabla hajainuliwa, sauti ya mtu mzima imeshamfikia: "Nyamaza, mwanaume halii!" Ananyamaza. Goti linauma vilevile, ila sasa ameshajua kuwa maumivu hayasemwi. Akikua atakutana na msemo wa watu wazima, kufa na tai shingoni: ndani umekwisha, nje umependeza.

Uanaume ni yale yote ambayo jamii inayategemea kwa mtu kwa kuwa tu ni mwanaume: anavyokasirika, anavyopenda, anavyoubeba mzigo wa nyumba. Si maumbile. Maumbile yana neno lake, uume, na tukilitumia hapa nusu ya wasomaji wataanza kucheka. Uanaume hufundishwa, kama yule mtoto alivyofundishwa pale chini.

Uanaume chanya, basi, haumtaki mwanaume aache kuwa mwanaume. Unazichukua sifa zilezile anazosifiwa nazo na kuuliza anazitumia kwa lipi. Kuingia kwenye nyumba inayoungua ni ujasiri. Kumwambia rafiki yako "acha" mbele ya wenzenu, anapomdhalilisha msichana, nao ni ujasiri, na wengi wetu huo wa pili hutushinda. Au mtazame baba anayemwogesha mwanawe. Watu watamsifu kwamba "anamsaidia mkewe". Anamsaidia vipi, na mtoto ni wake?

Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Mark Kiselica na Matt Englar-Carlson, walipendekeza kwamba anayewashauri wavulana na wanaume aanzie kwenye uwezo walio nao: malezi ya baba, kujitolea, ucheshi, urafiki unaojengwa kwa kufanya jambo pamoja. Neno la upande wa pili, uanaume wenye sumu, yaani ule unaomuumiza mwanaume mwenyewe na walio karibu naye, wengi hudhani ni tusi lililotungwa na wanawake. Kumbe lilianza kusikika miaka ya 1980 na 1990 katika vuguvugu la wanaume wenyewe huko Marekani, waliokuwa wakijitafuta.

Tatizo ni kwamba neno "jinsia" limeshageuka kuwa jina jingine la wanawake. Tangaza semina ya jinsia uone nani atakuja. Lakini wanaume nao wana jinsia, na inawagharimu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya cha wanawake. Wanaume huishi pungufu ya wanawake kwa miaka kama 5. Katika kila watu 10 wanaouawa duniani, karibu 8 ni wanaume, na wauaji wengi ni wanaume pia. Ukiitaja nusu moja ya sentensi hiyo na kuificha nyingine, umedanganya.

Hapo ndipo mazungumzo huharibika. Kuna anayekumbuka shida za wanaume siku ile tu mwanamke anapoeleza za kwake: "Na sisi je?" Huyo simwamini sana. Ningemwamini kama angeuliza pia siku ambayo hakuna mwanamke anayezungumza. Na nafasi ipo: tarehe 19 Novemba ni Siku ya Kimataifa ya Wanaume, iliyofufuliwa mwaka 1999 na Jerome Teelucksingh wa Trinidad na Tobago. Aliichagua kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa baba yake.

Kumkalisha mwanaume kitini na kumwambia "haya, sema unavyojisikia" mara nyingi huishia kwenye "niko poa". Huko Australia, tangu miaka ya 1990, zimeenea karakana za wanaume, ambako wengi ni wastaafu. Hakuna anayeitwa kuja kueleza shida zake. Wanaitwa kutengeneza viti na kurekebisha mashine zilizoharibika. Mmoja anashika ubao, mwenzake anapiga msasa. Wamekaa hivyo nusu saa, macho yote yako kwenye ubao, ndipo yule aliyeshika anaposema kwamba tangu mkewe afariki hajapata usingizi. Mwenzake haachi kupiga msasa. Anamuuliza, "Tangu lini?"