Je, wajua kwa nini jengo jipya haliponyi chuo kinachokosa wanafunzi?

Chuo cha ufundi kikianza kuyumba, dalili huonekana kwanza karakanani. Mashine ya kuranda imekaa muda mrefu bila mkanda, darasa zima linagombea mashine moja ya kuchomelea, na fani iliyokuwa ikikataa waombaji sasa inawatafuta. Bodi ikikutana, hoja inayopita haraka kuliko zote ni moja: tujenge. Jengo lina jiwe la msingi na siku ya uzinduzi. Mtaala hauna utepe wa kukata.

Tatizo ni kwamba karakana si darasa. Darasani leo utafundisha hesabu, kesho Kiswahili. Karakana ya uchomeleaji inataka umeme wa njia tatu na feni za kuvuta moshi. Ya magari inataka shimo au lifti, na mlango wa kupitisha gari lenyewe. Ukishamwaga zege, umeshachagua fani za miaka mingi ijayo, uwe umefikiria au hukufikiria.

Na kazi huhama. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kiliajiri mafundi wengi Arusha tangu miaka ya 1970, kisha kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo pita kwenye gereji za mjini humo: Land Cruiser imevuliwa bodi, chesisi inakatwa na kurefushwa ili iingie safu nyingine ya viti, paa linafunguliwa ili mtalii asimame kumtazama simba. Fundi wa gari hilo anatakiwa ajue kunyoosha bati, kuchomelea, umeme wa gari na hata viti. Fani zetu nyingi bado zimegawanya kazi hizo vyumba vinne tofauti. Mpango mkakati wa maana huanzia kwa mwenye gereji, kwa kumuuliza vijana anaowapokea hukwama wapi. Msanifu majengo anaitwa baadaye.

Hatua ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kufunga fani. Fani ina mwalimu, na pengine mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha mkuu wa chuo.

Wako waliofuata mpangilio sahihi. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kilipeleka mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, palipokuwa na mitambo ya zamani ya umeme wa maji. Fani ilipata mahali pake, majengo yakaifuata.

Walioanzia upande wa pili wapo pia. England, vyuo vya ufundi na elimu ya baada ya sekondari vilitolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 1993 vikawa vinajitegemea. Miaka ya 2000, baraza lililovigawia fedha, Learning and Skills Council, likavihimiza vilete maombi ya kujenga upya, tena makubwa. Likaidhinisha mradi baada ya mradi bila mtu kujumlisha. Mapema mwaka 2009 ikaonekana fedha hazitoshi, na miradi 144 ikakwama. Baadhi ya vyuo vilikuwa vimeshawalipa wasanifu, vingine vimeshaanza kubomoa.

Kwetu Tanzania ada haiwezi kuziba pengo la namna hiyo. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu za VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Wanafunzi 500 wa bweni wataleta milioni 60 tu. Fedha kubwa hutoka serikalini, kwenye tozo ya ujuzi wanayolipa waajiri, na kwa wafadhili, na mradi wa mfadhili una tarehe ya kufungwa. Ndiyo maana zege humwagwa kabla fani hazijaamuliwa: tarehe inakaribia, na ukuta ndio matumizi yanayohesabika haraka.

Kwa hiyo ukikabidhiwa mpango mkakati wa chuo, ruka michoro ya rangi, nenda kwenye bajeti. Tafuta kifungu cha vipuri, cha bili ya umeme wa mashine mpya, na cha kuwarudisha walimu viwandani wakajifunze upya. Kisha uliza karakana ya zamani itabomolewa lini. Kama jibu ni kabla ya mpya kuanza kazi, uliza pia wanafunzi wa mwaka huo watafanyia wapi mazoezi.