Boti ya biashara na marejesho ya kodi ya mafuta Australia: hesabu inaanzia kwenye dumu

Kila robo mwaka ikiisha naletewa mifuko ya plastiki iliyojaa risiti za mafuta. Nyingine zimeshikana kwa maji ya chumvi, nyingine jua limeshafuta wino. Mimi ni wakala wa kodi hapa Queensland, na wateja wangu wengi wanaishi kwa boti: wavuvi, wapeleka watalii kuzamia kwenye miamba, wabeba mizigo ya visiwani. Wamo na wenzetu wa Afrika Mashariki, na swali lao huwa moja: "Kaka, si boti ni ya biashara? Basi mafuta yote narudishiwa?"

Si yote, ndugu yangu. Sheria inaifuata kila lita: nani aliinunua, na ilikwenda kufanya kazi gani.

Bei ya petroli na dizeli ya Australia ina ushuru ndani yake. Sheria ya Kodi ya Mafuta, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, inamrudishia mfanyabiashara ushuru huo kwa mafuta yaliyotumika kwenye shughuli zinazostahili. Lori zito likipita barabara ya umma hukatwa kwanza ada ya kutumia barabara, kinachobaki ndicho linapata. Gari dogo, yaani lenye uzito usiozidi tani 4.5 pamoja na mzigo, halipati kitu likiwa kwenye barabara hiyo. Boti haikanyagi lami, ndiyo maana hupata kiwango kizima bila kukatwa ada hiyo.

Pikapu ndiyo inayowaponza wengi. Mvuvi anasimama kituoni alfajiri, trela ya boti ikiwa nyuma. Anajaza tangi la pikapu lita 60, kisha madumu 4 ya lita 20. Risiti inatoka moja: lita 140. Miezi 2 baadaye, akiwa mbele yangu, anadai zote 140. Zinazostahili ni 80 tu, hata kama pikapu ilikuwa ikivuta boti ile ile kuipeleka baharini. Na kama dumu moja lilirudi nyumbani likamiminwa kwenye mashine ya kukatia nyasi za uani, zinabaki 60. Ndiyo maana nawaomba wateja waandike papo hapo, nyuma ya risiti, kwa kalamu: "madumu 4, boti." Sekunde 10 za kazi zinaniondolea mimi asubuhi nzima ya kubahatisha, na kubahatisha sikubali.

Wapo pia wanaojipunja, na hawa ndio wananiuma zaidi. Jenereta ya kwenye boti inayogandisha samaki, kompresa inayojaza mitungi ya wazamiaji, safari ya kupeleka boti kwenye matengenezo: hayo yote ni matumizi ya biashara. Nimekuta wenye boti wanadai mafuta ya injini kuu peke yake, miaka nenda rudi.

Ukichukua familia Jumapili kwenda kuvua kwa starehe, mafuta hayo yatoe. Tazama saa ya injini kabla ya kung'oa nanga na baada ya kurudi. Injini ikila lita 25 kwa saa na mmetembea saa 3, toa lita 75, uandike na tarehe. ATO, mamlaka ya kodi ya Australia, wanachotaka ni mgawanyo wa haki unaoweza kuuonyesha ulivyoupata.

Usajili nao una mtego. Siku uliponunua mafuta ulipaswa uwe tayari umesajiliwa kwa GST, ambayo ni kodi ya mauzo mfano wa VAT yetu. Biashara yenye mapato chini ya dola 75,000 kwa mwaka hailazimiki kujisajili, na wavuvi wengi wadogo wamebaki nje wakidhani wamekwepa usumbufu. Inaruhusiwa kujisajili kwa hiari. Piga hesabu ya lita zako za mwaka kwanza, maana GST ina wajibu wake. Vyombo vya uokoaji vya mashirika yasiyo ya faida vina njia yao, havihitaji GST.

Kiwango hufuata tarehe ya kununua, na kwa kawaida hubadilika Februari na Agosti. Mwaka 2022 serikali ilipunguza ushuru nusu kuanzia tarehe 30 Machi hadi 28 Septemba, kutoka senti 44.2 hadi 22.1 kwa lita. Aliyenunua lita 1,000 mapema Machi alistahili dola 442. Aliyezinunua Aprili, dola 221. Risiti iliyofutika tarehe haiwezi kukusaidia hapo. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo.

Dai lenyewe linaingia kwenye ritani ya BAS, yaani fomu ya kodi ambayo biashara huipeleka ATO, kisanduku 7D, na fedha ukizipata zihesabu kama mapato ya biashara. Ukichelewa zaidi ya miaka 4, haki imekufa.

Na mafuta yakiibiwa gatini usiku, au tangi likivuja, hayakutumika. Kama ulishayadai, unayarekebisha kwenye ritani inayofuata. Mteja mmoja alinipigia kuniambia madumu yake 3 yamebebwa. Nikampa pole, kisha nikamwomba aandike: lita 60, na tarehe ya wizi.