Maji yanayohama: kuagiza njugu kwa nchi yenye joto na unyevu

Mzigo wa lozi, korosho, jozi au karanga (zote hapa naziita njugu) unaweza kutoka kiwandani mkavu kabisa ukafika bandarini una ukungu, bila kuguswa na mvua wala maji ya bahari. Watu hulaumu joto. Joto lina sehemu yake, lakini mara nyingi kinachoharibu mzigo ni maji yaliyofungiwa ndani ya kontena tangu siku ya kupakia: ya mbao za sakafu, ya paleti, ya makatoni, ya hewa yenyewe. Maji hayo huhama, na mwagizaji lazima ajue yanakwenda wapi.

Anza na mkataba. Wauzaji wengi huandika asilimia ya unyevu tu: lozi isizidi 6, korosho isizidi 5. Hiyo haitoshi. Kuvu huishi kwa maji huru, yaani yale ambayo njugu haijayashika, na kipimo chake ni aw, kuanzia 0 hadi 1. Kanuni za Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, zinataka chini ya 0.70 kwenye nyuzi joto 25. Mimi huandika 0.65, kwa sababu njugu ileile ikipata joto ndani ya mfuko uliofungwa, aw yake hupanda. Kipimo hiki pia kinaoana moja kwa moja na hewa: njugu zikiachwa wazi kwenye ghala lenye unyevuhewa wa asilimia 80, zitanyonya taratibu mpaka zikaribie aw ya 0.80. Hapo Aspergillus flavus, kuvu inayotengeneza sumu ya aflatoksini, inapata nafasi ya kukua.

Dai pia kipimo cha peroksidi, kinachoonyesha kama mafuta yameanza kuchacha. Jozi ndiyo dhaifu kuliko zote: karibu asilimia 65 ya uzito wake ni mafuta, na mengi ni ya aina inayoshikwa haraka na oksijeni. Makadamia ina mafuta mengi zaidi lakini huvumilia, kwa kuwa mafuta yake ni ya aina nyingine. Kwa hiyo jozi zilizomenywa zisafirishwe kwa kontena la baridi, ndani ya mifuko iliyoondolewa hewa au kujazwa naitrojeni. Korosho zikiwa kwenye mifuko ya namna hiyo, katoni za kilo 22.68, huvuka bahari salama kwa kontena la kawaida.

Kontena la kawaida ndilo linalohitaji macho zaidi. Mchana paa hupigwa na jua, mbao zinatoa mvuke. Usiku bati linapoa, mvuke unageuka matone na kudondokea safu ya juu ya makatoni. Kabla ya kupakia, mtu aingie, milango ifungwe, atazame kama kuna mwanga unaopenya. Anuse pia, kwa kuwa mafuta ya njugu hushika harufu ya mzigo uliotangulia. Paleti zipimwe unyevu; zikizidi asilimia 20, zikataliwe, hata kama zina muhuri wa ISPM 15. Muhuri huo unathibitisha kuwa mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Hausemi lolote kuhusu ukavu. Tundika mifuko ya kalsiamu kloridi, chumvi inayonyonya unyevu, kwenye mikunjo ya kuta na funika mzigo kwa karatasi ya krafti. Vile vipakiti vidogo vya silika vya kwenye viatu havifai kitu hapa.

Kwenye kontena la baridi, kosa la kawaida ni kuacha matundu ya hewa wazi kama inavyofanywa kwa matunda. Kwa njugu yafungwe, na maelekezo hayo yaandikwe kwenye oda ya kontena.

Sasa mzigo umefika, na saa ya hatari kuliko zote ni ya kufungua milango. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa chochote kilicho chini ya nyuzi 28 hivi. Katoni iliyotoka kwenye nyuzi 8 italowa papo hapo, na katoni za chini zikilegea, rundo zima linaanguka. Hamisha moja kwa moja hadi chumba baridi. Kama njugu lazima ziende kiwandani bila kuhifadhiwa kwanza, zipitishe kwanza kwenye chumba cha nyuzi 18 chenye mashine ya kukausha hewa, na mfuko wa ndani usifunguliwe mpaka katikati ya katoni pamepata joto la chumba cha kazi. Hilo huchukua siku moja hadi mbili. Kulifupisha ni kutia maji kwa mkono.

Chumba cha kuhifadhia kiwe nyuzi 0 hadi 10, unyevuhewa chini ya asilimia 65. Usikodi chumba cha mboga: joto lake linafaa, lakini unyevu wake hufika asilimia 90. Kwenye nyuzi 10 nondo na mende wa unga hawazaliani, ila hawafi wote. Kuwaua, gandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima, ukihesabu tangu kitovu cha katoni kifikie baridi hiyo. Kontena lililofukizwa kwa fosfini, gesi ya sumu ya kuua wadudu, lisiingiwe na mtu kabla ya kupitishwa hewa na gesi kupimwa.

Ufukizaji hauondoi aflatoksini, na kukaanga hakuimalizi. Cheti cha maabara ya muuzaji hakitoshi, kwani sumu hiyo haienei sawasawa: njugu chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Ndiyo maana sampuli ya kiganja kimoja haina maana. Chota kidogokidogo kutoka sehemu nyingi za shehena mpaka upate kilo 20, zisagwe zote pamoja, ndipo maabara ichukue kiasi chake. Kikomo cha Codex kwa lozi na pistachio ni mikrogramu 15 kwa kilo kwa zinazokwenda kusindikwa, na 10 kwa zilizo tayari kuliwa. Cha nchi yako kinaweza kuwa kikali zaidi, na hicho ndicho kiingie kwenye mkataba, pamoja na haki ya kuukataa mzigo kwa majibu ya sampuli iliyochukuliwa bandarini.