Uamuzi unaofunga mahakama za chini: maana yake

Hakimu wa Kakamega aliye na kesi mezani hatazami tu sheria iliyotungwa na Bunge. Ni lazima aangalie pia mahakama za juu yake zilishaamua nini kuhusu jambo hilohilo. Kama zilishaamua, amefungwa, hata kama moyoni angeamua vingine. Kenya ilirithi utaratibu huu kwa Waingereza.

Nani humfunga nani? Chini kabisa kuna mahakama za mahakimu na za Kadhi. Juu yake ni Mahakama Kuu, pamoja na mahakama ya kazi na ile ya mazingira na ardhi, zenye hadhi sawa nayo. Kisha Mahakama ya Rufaa, na kileleni Mahakama ya Juu, iliyoletwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 163(7) kinasema maamuzi yake yanazifunga mahakama nyingine zote. Majaji wawili wa Mahakama Kuu hawafungani. Mmoja husoma hukumu ya mwenzake kwa heshima, naye akaridhika nayo au asiridhike.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye adhabu ya kifo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema jaji halazimiki kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo, safari hii majaji watano, ikageuka na kusema analazimika. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikakata mzizi wa fitina: adhabu ya kifo ipo, lakini kumlazimisha jaji aitoe ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa mshtakiwa ananyimwa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kinachofunga si kila neno lililoandikwa kwenye hukumu, bali ni ile hoja iliyoamua swali lililokuwa mbele ya majaji. Swali la Muruatetu lilikuwa mauaji, kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Hata hivyo mahakama nyingi zilianza kupunguza adhabu za wizi wa kimabavu na za unajisi (kufanya ngono na mtoto) kwa kuutegemea uamuzi huo. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Anayepinga adhabu nyingine aanzie Mahakama Kuu, apande ngazi.

Kwa mfungwa aliyekwisha kuomba adhabu yake iangaliwe upya, tofauti hiyo ni miaka ya maisha yake. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umempunguzia mfungwa wa kosa la unajisi kifungo kutoka miaka 20 hadi 15. Akarudishiwa 20.