Je, wajua? Nguzo za Zhangjiajie hazikuota, zilibaki

Picha zake bila shaka umeziona, hata kama jina la mahali hukulijua: nguzo nyembamba za mawe zimesimama wima ndani ya ukungu, kila moja ina miti kichwani kama mtu anayemkimbia kinyozi. Ziko Wulingyuan, katika eneo la Zhangjiajie, mkoa wa Hunan nchini China. Nguzo na vilele vyake vinapita 3,000, na vingi vina urefu wa zaidi ya mita 200. Sehemu yake ilifanywa hifadhi ya kwanza ya taifa ya misitu nchini China mwaka 1982, na miaka kumi baadaye UNESCO ikaiingiza Wulingyuan katika orodha ya urithi wa dunia.

Zilifikaje pale? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, tena nikiligawa bila kuombwa: "Hiyo ni chokaa, imeliwa na maji." Sikulitoa hewani. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga anajua maji yanavyoweza kulitafuna jiwe la chokaa mpaka likabaki vyumba na korido. China nayo ina vilima maarufu vya chokaa vya Guilin, kando ya mto Li, ambavyo vimechorwa hata kwenye noti ya yuan 20. Milima ya ajabu, China, mvua nyingi: nikajumlisha, nikapata chokaa.

Jumla ilikuwa mbovu, na kosa lenyewe unaweza kulishika jikoni. Chukua ganda la yai, litumbukize kwenye kikombe cha siki. Papo hapo vitatokea viputo vidogo, na ukiliacha siku moja au mbili utakuta ule utando laini tu, kigumu chote kimekwenda. Ganda la yai na jiwe la chokaa ni kitu kimoja kikemia. Mvua inapopita hewani na udongoni huchukua hewa ukaa, ikawa siki hafifu sana, na kwa muda mrefu huliyeyusha jiwe kama kikombe kilivyoliyeyusha ganda. Ndivyo Amboni ilivyochimbika, ndivyo na Guilin ilivyochongeka.

Sasa weka kwenye siki hiyohiyo kijiko cha mchanga mweupe uliosafishwa, usio na vipande vya makombe. Ngoja viputo. Ngoja tena. Nguzo za Zhangjiajie ni mchanga wa namna hiyo ulioshikamana ukawa jiwe: punje za kwatzi, madini yanayotengenezewa kioo. Mvua haiyeyushi kwatzi kwa kasi ya kuchonga mlima. Kwa hiyo zile nguzo hazikuyeyuka. Zilikatwa.

Hapo ndipo inapokuja kashata. Mpishi wake humwaga mchanganyiko kwenye sinia, akausawazisha, na kabla haujakauka hupitisha kisu: mistari ya huku, mistari ya kule. Kwa macho bado ni kipande kimoja kikubwa, lakini imeshaamuliwa kitakatikia wapi. Mchanga wa Wulingyuan ulitua tabaka juu ya tabaka kwenye ufuko wa bahari ya kale, takriban miaka milioni 380 iliyopita, ukafikia unene wa mamia ya mita na kugeuka jiwe. Baadaye ganda la dunia lilipoliinua eneo zima, jiwe lile gumu halikupinda, lilipasuka. Nyufa zake zilikwenda wima, zikapishana kama mistari ya kisu.

Kisha wakaja watoto. Mtoto anayeiba kashata hang'oi katikati ya kipande, hufuata mstari. Vijito navyo viliingia kwenye nyufa, vikazipanua, vikabeba mchanga uliolegea. Mizizi ya miti inajipenyeza na kusukuma. Majira ya baridi maji yaliyo ndani ya ufa yanaganda, na kila aliyesahau chupa ya soda kwenye friza anajua kinachofuata: maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na hayaombi ruhusa. (Nani kati ya hawa watatu kafanya kazi kubwa zaidi ni vigumu kupima, maana ushahidi unaporomoka pamoja na jiwe.)

Ukitembea mle, hatua zote bado zipo. Kuna nyanda za juu ambazo sinia halijaguswa, kuna kuta ndefu zilizokatwa upande mmoja tu, kuna mianya inayoacha mbingu ionekane kama uzi, ndipo zikaja nguzo. Hakuna nguvu iliyoisukuma nguzo hata moja kutoka chini. Kilichosimama ni kile ambacho hakijachukuliwa.

Na kwa nini hazilali? Tazama sahani zilizopangwa kabatini. Rafu ikiwa sawa, rundo linatulia. Rafu ikiinama, sahani zinateleza. Tabaka za Wulingyuan zimelala karibu sawasawa, hivyo kila moja inakandamiza iliyo chini yake badala ya kuteleza. Vipande vinadondoka, ndiyo, lakini kipande kikitoka hukatikia kwenye ufa mwingine wa wima. Ukuta unarudi nyuma hatua moja, wima vilevile.

Tahadhari moja: hiyo miaka milioni 380 ni umri wa jiwe, si wa nguzo. Umbo ni jipya zaidi kwa mbali, kama shati la leo lililoshonwa kwa kitambaa cha bibi.

Wenyeji wengi ni Watujia, waliojenga nyumba za mbao juu ya miguu mirefu ili mteremko usiwe kikwazo. Kilele cha Tianzi, yaani Mwana wa Mbingu, masimulizi yao yanakihusisha na Xiang Dakun, kiongozi wa Watujia aliyejitwalia cheo hicho cha kifalme. Majina mapya yana hadithi fupi zaidi: nguzo moja ilipewa mwaka 2010 jina la milima inayoelea ya filamu ya Avatar, iliyotoka mwezi mmoja tu kabla. Kuelea kwenyewe ni kazi ya ukungu, unaoziba miguu na kuacha vichwa. Anayetaka kuuona kutoka juu anapanda lifti ya mita 326 iliyofungwa ubavuni mwa jabali.

Chokaa niliyoing'ang'ania ipo, ila si pale nilipoiweka. Mlima Tianmen, karibu na mji wa Zhangjiajie, ni wa chokaa, na ule mlango mkubwa uliotobolewa juu yake pia. Chokaa ndiyo iliyozaa pango la Huanglong, palepale Wulingyuan. Ndani yake kuna nguzo nyembamba ya mita 19 hivi, iliyojengwa na matone ya maji yanayodondoka kutoka darini. Hiyo nayo kweli iliota kutoka chini, na mwaka 1998 ilikatiwa bima ya yuan milioni 100. Zile 3,000 za nje sijasikia zikikatiwa.