Ukuta na askari havitoshi Shimanzi

Ukipita Shimanzi kwenye matangi ya mafuta, unaona ukuta, seng'enge na askari getini. Wengi wetu hapa Mombasa tunaishia hapo: pamelindwa, na udukuzi ni shauri la vijana wa kompyuta ofisini. Si kweli.

Tazama bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Kati ya 2011 na 2013, genge la dawa za kulevya liliingilia kompyuta za kampuni za bandarini ili lijue kontena lenye mzigo wao liko wapi, walichukue kabla ya mwenyewe kufika. Walianza na barua pepe zenye programu hasidi. Mbinu hiyo ilipogunduliwa, wakavunja ofisi na kupachika vifaa vya kunasa kila herufi inayobonyezwa, vingine vimefichwa ndani ya ekstensheni za umeme. Nani basi angewakamata, askari au mtu wa kompyuta?

Utaambiwa pia, "Mitambo yetu haiko kwenye intaneti." Ya kituo cha nyuklia cha Natanz, Iran, nayo haikuwa. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Stuxnet, kilichogunduliwa 2010 na kilichoweza kusafiri kwa flashi, kiliharibu mashine za kurutubisha urani huku skrini zikionyesha mambo shwari.

Hata kamera ya ulinzi yenyewe ni kompyuta, nayo inaweza kudukuliwa (hili husahauliwa sana). Na kadi ya fundi ikifungua geti saa nane usiku, kisha mtu akaingia kwenye kompyuta ya pampu, taarifa hizo mbili zinapaswa kufika mezani kwa mtu mmoja, usiku huohuo.