Uokoaji wa biashara: maana yake kwa shirika la ndege la serikali

Uokoaji wa biashara ni utaratibu uliomo katika Sura ya 6 ya Sheria ya Kampuni ya Afrika Kusini ya mwaka 2008. Kampuni ambayo haielekei kuweza kulipa madeni yake ndani ya miezi 6 ijayo huwekwa chini ya msimamizi huru. Katika ufilisi, mfilisi huuza mali za kampuni na kugawa fedha kwa wadai. Msimamizi wa uokoaji, kinyume chake, hutafuta kampuni iendelee kuishi, au angalau wadai wapate zaidi ya ambacho wangepata kwa ufilisi.

South African Airways, shirika la ndege la serikali ya Afrika Kusini, iliingia humo tarehe 5 Desemba 2019, wiki chache baada ya mgomo mkubwa, ikiwa haijaona faida tangu 2011. Jambo la kwanza ililopata ni kinga: bila ruhusa ya msimamizi au ya mahakama, mdai hawezi kuishitaki wala kuchukua ndege aliyoikodisha. Ila ndege hulala ugenini pia, na huko sheria ya nyumbani haina nguvu ileile. Ndiyo maana wadai wa nje hulazimika kubembelezwa mapema.

Kinga haileti pesa, na hapa ndipo mashirika ya umma hukwama. Mafuta, ada za viwanja na mishahara huhitaji mkopo mpya, ambao kisheria hulipwa kabla ya madeni ya zamani yasiyo na dhamana. Mpango wa uokoaji ulipaswa kutoka ndani ya siku 25 za kazi. Uliahirishwa mara kadhaa hadi Juni 2020, wakati korona imekwisha kuzuia safari. Wadai waliupitisha tarehe 14 Julai (sheria hudai zaidi ya asilimia 75 ya kura, kwa uzito wa deni). Serikali ilitangaza randi bilioni 10.5 mwezi Oktoba. Miezi yote hiyo gharama zilikuwa zinapanda bila tiketi kuuzwa.

Wala fedha hizo hazikuwa za kurukia tu. Zililipa viinua mgongo, tiketi ambazo abiria hawakuzitumia na wakodishaji wa ndege. Mtaji wa kuendeshea shirika ulikuwa sehemu tu. Kati ya wafanyakazi takriban 4,700, mpango ulibakiza kama 1,000. Msimamizi anaweza kusitisha mikataba mingi, lakini si ya ajira, na Mahakama ya Rufaa ya Kazi iliamua kwamba hawezi kuanza kupunguza watu kabla mpango haujatoka. Kwa maoni yetu huo ni ulinzi wa haki, na ni sababu nyingine ya kuharakisha mpango.

Uokoaji ulimalizika Aprili 2021, na ndege zikaruka tena tarehe 23 Septemba, chache, kwa njia chache. Mauzo ya asilimia 51 ya hisa kwa mwekezaji binafsi yalivunjika Machi 2024, hivyo serikali imebaki mmiliki pekee.